Jumamosi moja ya chokoleti Brussels: uanzie wapi, ununue nini, ufikishe vipi Tanga

Swali: Kaka, salaam kutoka Tanga. Mwezi wa pili nakwenda Brussels kwenye semina ya kazi. Jumamosi nitakuwa huru kuanzia asubuhi hadi jioni, na nimejiapiza kwamba siku hiyo ni ya chokoleti tu. Sitaki maduka ya kuwapiga watalii, nataka ya mafundi wenyewe. Nianzie wapi? Nitajuaje kwamba huyu ni fundi na yule ni bango tu? Situmii pombe. Na zawadi zitafikaje Tanga bila kugeuka uji? Nina euro 150 za kutumia, na humo humo yumo mama mkwe ambaye hapendi kitu kichungu.

Jibu: Dada yangu, salaam zimefika. Umebahatika hata kabla ya kupanda ndege, kwa sababu mwezi wa pili Brussels ina baridi ya kukaza mashavu, na chokoleti inaipenda baridi hiyo kuliko sisi. Ungekuja mwezi wa saba ningekuambia ununue siku ya mwisho, tena saa ya mwisho. Na umenifurahisha kuuliza habari ya fundi na bango. Wengi huniletea orodha ya maduka kumi na mawili, wanataka niwapangie njia tu. Jioni wanarudi hotelini na mifuko saba na kichefuchefu, na ukiwauliza ipi ilikuwa tamu, hawakumbuki.

Nikuambie kidogo naongea kutoka wapi. Nimekulia Kyela, kwenye kakao. Utotoni chokoleti nilikuwa siijui. Nilichokijua ni ile nyama nyeupe ya tunda, tamu na chachu kidogo kama stafeli, unaifyonza kisha mbegu unairudisha kwenye kasha la kuvundikia, maana mbegu ndiyo hela na bibi alikuwa anahesabu kwa macho. Leo nashinda kwenye meza ya marumaru hapa Brussels nikifanya kazi ya pralini, yaani chokoleti ndogo za kujazwa. Kwa hiyo nimeiona kakao kwenye ncha zake mbili, na majibu yangu yataelemea huko.

Kitu cha kwanza ambacho hapa mjini hakisemwi kwa sauti ni hiki: maduka mengi mazuri ya Brussels hayatengenezi chokoleti. Yanaipokea ikiwa tayari, katika mifuko ya vidonge vidogo kama vifungo vya koti, kutoka viwandani. Kaskazini magharibi mwa mji, mahali panapoitwa Wieze, kuna kiwanda cha Barry Callebaut, ambacho ndicho kikubwa kuliko viwanda vyote vya chokoleti duniani. Familia ya Callebaut ilianza kutengeneza chokoleti hapo mwaka 1911. Mafundi wengine wananunua ya Belcolade, ambayo ni ya kampuni ya Puratos, nayo ni ya hapa hapa Ubelgiji. Fundi anaiyeyusha ile chokoleti, anaipoza kwa kipimo, anamimina kwenye kalibu, anajaza ndani vitu vya kwake. Ufundi wake uko kwenye kile kilichomo ndani na kwenye wembamba wa ganda.

Usimdharau kwa hilo. Fundi cherehani hafumi kitambaa, na suti ikikukaa vizuri humwulizi habari za kitanzi cha kufumia.

Ila liko kundi la pili, dogo, linaloanza na gunia la mbegu. Hawa wanachagua mbegu, wanakaanga, wanapepeta maganda, wanasaga siku nzima au hata siku tatu mpaka ulimi usihisi chembe. Chokoleti yao ina tabia ya shamba ilikotoka: hii ina uchachu wa ukwaju, ile ina harufu ya karanga zilizotoka kikaangoni. Ukinunua kipande cheusi, nenda kwa kundi hili. Ukinunua pralini, kundi lolote linaweza kukupa raha, mradi mkono uwe mzuri. Watu wakishaelewa tofauti hii, nusu ya maswali yao inaisha.

Sasa bango. Neno "artisanal", yaani la kifundi, limebandikwa hapa kwenye kila dirisha, hata pale ambapo fundi pekee ni yule aliyechora bango lenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua boksi karibu na Grand-Place, uwanja mkuu wa katikati ya mji, dukani mwa mtu ambaye sitamtaja, kwa sababu dirishani kulikuwa na chokoleti inachuruzika kama maporomoko ya maji. Nyumbani nikaligeuza boksi. Chini, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, kulikuwa na tarehe ya mwisho ya miezi kumi na minne mbele. Pralini ya ganashi, yaani chokoleti iliyochanganywa na krimu, haiishi miezi kumi na minne. Ikiishi hivyo, ujue kuna kitu kinaishikilia, na kitu hicho si upendo.

Kwa hiyo ukiingia dukani uliza mawili tu. Wanazungumza Kifaransa na Kiholanzi, na Kiingereza chako kitatosha. Uliza kwanza, mnakaanga kakao wenyewe? Asiyekaanga na akakuambia wazi kwamba hakaangi, kisha akakutajia anayonunua, huyo mwamini. Anayeanza kuzunguka zunguka na habari za babu yake, tabasamu, toka. Swali la pili: hii imejazwa lini, na niile kabla ya lini? Jibu zuri lina siku au wiki ndani yake. Ukisikia "inakaa tu, usijali", basi jali.

Tazama pia lebo kama kuna maneno "pur beurre de cacao", yaani siagi ya kakao tupu, yale mafuta ya mbegu yenyewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 inaruhusu mtengenezaji kuweka mafuta mengine ya mimea, hadi asilimia 5, badala ya siagi ya kakao, mradi aandike. Mafundi wengi wa hapa wanakataa ruhusa hiyo, na ni haki yao kuringa.

Halafu jaribio la mdomo, ambalo halihitaji lugha. Pralini moja nzima usiitupie mdomoni kama karanga. Itazame chini kwanza. Ikiwa uso wake unang'aa kwa juu na ganda limekaa sawasawa, ilimiminwa kwenye kalibu. Ikiwa ina kajiguu kadogo kembamba pembezoni chini, ilikatwa mraba kisha ikapitishwa kwenye pazia la chokoleti. Hizo ndizo zenye ganda jembamba zaidi, na mimi ndizo nizipendazo. Iume nusu. Lazima usikie mlio mdogo, kama kuvunja kijiti kikavu. Usiposikia, fundi alikosea kuipoza au imelala mahali pa joto. Kisha iache juu ya ulimi usitafune. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 34, chini kidogo tu ya joto la mwili wako, ndiyo maana chokoleti safi inatoweka yenyewe na kuacha mdomo mkavu. Yenye mafuta mengine inaacha utando kwenye kaakaa, kama umekula chipsi za jana.

Kuhusu huko kupoza, niruhusu nikuonyeshe kidogo, maana ndicho kinachokula maisha yangu. Naiyeyusha chokoleti nyeusi mpaka nyuzi 45 au 50, ili kila fuwele ya siagi isahau ilivyokaa. Namwaga sehemu kubwa juu ya marumaru, naikusanya na kuitandaza kwa bamba, naikusanya tena, mpaka ishuke 27 au 28 na ianze kuwa nzito kama uji wa ulezi. Hapo naichanganya na ile moto iliyobaki, ifike 31 au 32, si zaidi. Nachovya ncha ya kisu, naweka pembeni. Ndani ya dakika tano kisu kikikauka na kung'aa, kazi inaendelea. Kikiwa na mistari ya kijivu, narudia yote kutoka mwanzo. Siku ya mvua na unyevunyevu nimewahi kurudia mara nne. Hiyo ndiyo sehemu ya bei ambayo mteja haioni.

Sehemu nyingine ya bei ni mbegu yenyewe. Miaka mingi tani moja ya kakao kwenye soko la New York ilikuwa inazungukia dola 2,500. Mvua na magonjwa ya miti vikaipiga Ghana na Ivory Coast, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, na Desemba 2024 tani ikapita dola 12,000. Imeshuka tangu hapo, lakini bei ya dukani, kama unavyojua wewe mwenyewe na sukari ya kwetu, hupanda kwa ngazi na kushuka kwa kutambaa.

Tuingie njiani. Watu wote wanaanzia Grand-Place. Wewe usianzie huko. Saa nne asubuhi, tumbo likiwa na chai na mkate tu, panda metro hadi Simonis, uende Koekelberg, upande wa kaskazini magharibi ambako watalii hawafiki. Utaliona kanisa kubwa la Basilika kwa mbali. Huko yuko Frederic Blondeel, mmoja wa wale wachache wanaokaanga wenyewe. Duka na karakana viko pamoja. Angalia saa zao za Jumamosi kabla ya kutoka. Hapa ndipo ununue vipande vyako vyeusi. Omba kuonja viwili vya mashamba tofauti, kimoja baada ya kingine, unywe maji katikati. Ukiona kimeandikwa Tanzania, popote siku hiyo, chukua bila kufikiri. Kakao yetu kutoka Kyela na bonde la Kilombero ina uchachu wa matunda ambao mafundi wa Ulaya na Marekani wanautafuta. Kule Mbingu, Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili tangu 2013 inanunua mbegu mbichi kwa wakulima na kuzivundika yenyewe kwa pamoja, badala ya kila mkulima kuvundika kivyake nyuma ya nyumba. Usipovundika sawasawa siku tano, sita, hakuna fundi wa Brussels atakayeiokoa hiyo mbegu. Inabaki na rangi ya kijivu ndani na uchungu wa dawa. Nimeona magunia yakikataliwa hapa kwa sababu hiyo, na nilijua kabisa kosa lilifanyika siku gani ya wiki: ile ambayo mtu alichoka kugeuza kasha.

Uganda nao wamo, kwa kakao ya Bundibugyo. Na Kongo, upande wa Virunga, wana chokoleti inayotengenezwa huko huko kwa msaada wa fundi Dominique Persoone wa Bruges. Ukikutana nayo, onja.

Hapo hapo Koekelberg kuna jumba la makumbusho la Belgian Chocolate Village, ndani ya kiwanda cha zamani cha Victoria. Wana chumba cha joto chenye mimea ya kitropiki, na mkakao ndani yake. Mzungu anasimama mbele yake akiutazama kama sanamu. Wewe wa Tanga utacheka. Kama muda ni mfupi, liruke.

Kutoka Simonis, metro ile ile itakupeleka Porte de Namur bila kubadilisha. Utatoka juu na kujikuta Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Lingala ndiyo inatawala, lakini subiri kidogo mbele ya duka la vitenge utasikia Kiswahili cha Bukavu au cha Lubumbashi. Hapa ule chakula cha chumvi. Si mzaha, ni sehemu ya kazi: baada ya vipande sita vya chokoleti ulimi umelewa, na unahitaji mafuta ya mawese na pilipili kuurudisha. Agiza kisamvu. Wa Kinshasa atakiita "pondu", wa Bukavu atakiita "sombe", na wote wawili watakuletea kisamvu. Nje hapo kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Na ukitembea dakika chache kuelekea Trône utamkuta Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo mali yake, juu ya farasi wake wa shaba. Chokoleti ya nchi hii haikuota hewani, na mtu anayetoka kwetu haoni vibaya kusimama kati ya hao wawili kwa dakika moja kabla ya kuendelea na starehe zake.

Shuka kwa miguu hadi Grand Sablon, kama robo saa. Huu ndio uwanja wa wenye nacho: maduka ya vitu vya kale, kanisa, na chokoleti karibu kila upande. Wittamer wako hapa tangu 1910. Pembeni yuko Pierre Marcolini, aliyeanza mwaka 1995, mwaka ule ule alipotwaa ubingwa wa dunia wa keki na vitamutamu. Marcolini naye ni wa kukaanga mbegu. Duka lake limepangwa kama la vito, wahudumu wanavaa kama wa benki, na bei inavaa hivyo hivyo. Usiogope. Huna haja ya boksi. Mwambie unataka pralini nne tu za kula sasa, naye atakuwekea kwenye kikaratasi bila kukunja uso. Hapa ni jambo la kawaida kabisa. Kaa kwenye benchi, baridi ikupige, uile ya kwanza. Pralini zake ni ndogo, nyembamba, mraba, na ladha inakuja kwa kuchelewa kidogo, kama mgeni anayebisha hodi mara mbili. Wenzangu wengine wanasema jina limekuwa kubwa kuliko kazi. Mimi bado nanunua.

Kutoka hapo teremka Rue Ravenstein, karibu na jumba la sanaa la Bozar, kwa Laurent Gerbaud. Aliwahi kuishi China, na ilimbadilisha mkono: anapenda tangawizi, tini, machungwa madogo yaliyokaushwa, vitu vilivyochovywa kwenye chokoleti nyeusi badala ya kujazwa sukari. Kwa mtu wa pwani aliyekulia kwenye achari na maembe ya chumvi, huyu ndiye atakayekugusa. Ana meza za kukaa, unaweza kunywa kikombe cha chokoleti ya moto. Kama una nguvu ya sehemu moja tu baada ya Koekelberg, iwe hii.

Mwisho, ukishachoka na mwanga unaanza kufifia, ingia Galeries Royales Saint-Hubert, ule ujia mrefu wa paa la kioo uliofunguliwa mwaka 1847. Hapa ndipo yote yalipoanzia. Mwaka 1857 Jean Neuhaus, aliyekuja kutoka Uswisi, alifungua duka la dawa humu ndani, na dawa chungu alizifunika kwa chokoleti ili wagonjwa wazimeze. Mjukuu wake, Jean kama yeye, mwaka 1912 akaondoa dawa na kuweka kitu kitamu ndani ya ganda. Hiyo ndiyo pralini. Miaka mitatu baadaye mkewe, Louise Agostini, akaona pralini zinapondeka kwenye mifuko ya karatasi ya kusokota, akatoa lile boksi la kukunjwa linaloitwa "ballotin", ambalo leo kila mtu Ubelgiji anazeeka nalo. Neuhaus sasa ni kampuni kubwa, kiwanda kiko Vlezenbeek nje ya mji, na sitakudanganya kwamba kuna mtu nyuma ya pazia anakoroga sufuria. Lakini nenda, kwa heshima ya duka lenyewe. Humo humo kwenye ujia kuna tawi la Mary, nyumba iliyoanzishwa na Mary Delluc mwaka 1919, na ambayo familia ya kifalme imekuwa ikinunua kwake tangu 1942. Mary ni ya mtindo wa kale: pralini nene, tamu, maboksi ya maua. Weka jina hilo akilini, nitalirudia.

Leonidas na Godiva utazikuta kila kona. Leonidas ilianzishwa na Mgiriki, Leonidas Kestekides, na sifa yake ilijengwa kwa kuuza kupitia dirisha la mtaani kwa bei ambayo karani anaiweza. Wabelgiji wa kawaida wananunua huko Ijumaa jioni, nami pia, bila aibu. Si ya mafundi wadogo, ila ukitaka kugawia ofisi nzima, boksi la kilo la Leonidas litakuokoa. Godiva ilizaliwa hapa mwaka 1926, na tangu 2007 ni ya kampuni ya Uturuki. Haina la kukufundisha siku hiyo.

Habari ya pombe. Uangalifu wako ni wa lazima, kwa sababu pombe hapa haijifichi kwenye zile za konyaki peke yake. Baadhi ya ganashi hutiwa tone la kileo ili zidumu au zinukie, na muuzaji asiyeulizwa hasemi. Sema "sans alcool, s'il vous plaît", kisha uongeze "et sans gélatine". Gelatini haiko kwenye pralini nyingi, lakini iko kwenye vile vitamutamu laini kama sponji vinavyofunikwa kwa chokoleti, vinaitwa "guimauve", na mara nyingi ni ya nguruwe. Duka zuri lina daftari la viambato nyuma ya kaunta, omba walifungue. Na usikubali boksi lililokwisha kufungwa lenye mchanganyiko. Chagua moja moja, uwaone wakizipanga. Pralini moja ina kama gramu 10 hadi 15, kwa hiyo boksi la gramu 250 linabeba kama ishirini hivi, na una haki ya kuzitaja zote ishirini. Watu nyuma yako kwenye foleni watasubiri, wamezoea.

Sasa safari ya kurudi, ambako mimi mwenyewe niliumbuka. Mara ya kwanza kwenda nyumbani nilitia kilo tatu kwenye begi la kupakia chini ya ndege. Chini huko baridi ilikuwepo ya kutosha. Kilichoniua ni Dar, pale begi lilipokaa juani kwenye kigari wakati sisi tunapigwa mihuri. Nilifungua Kyela, mbele ya shangazi zangu, nikakuta tofali moja la rangi ya udongo lenye karatasi za dhahabu ndani yake. Walikula kwa kijiko, wakasifu. Mimi nilikaa kimya.

Kwa hiyo: mkononi, daima. Funga boksi kwenye mfuko wa plastiki, kisha karatasi za gazeti tabaka tatu, kisha sweta ambalo Tanga hutalihitaji. Chini ya kiti cha mbele yako, mbali na bomba la joto. Chokoleti ya kupaka, ya kwenye chupa, usinunue kama huna begi la kupakia, maana uwanja wa ndege wanaihesabu kama kimiminika na zaidi ya mililita 100 haipiti. Ukitua Dar mchana, usikimbilie basi la saa nane. Lala, uondoke na basi la alfajiri, ufike Tanga kabla jua halijapanda kichwani. Nyumbani iweke frijini ikiwa ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, na siku ya kuila itoe ikiwa bado imefungwa, ikae saa mbili tatu mezani ndipo ufungue. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa pwani unaikalia kama umande, sukari inayeyuka juu na kukauka kuwa vumbi jeupe. Haitakudhuru, lakini uzuri wote umeondoka. Weupe wa mistari ya mafuta nao ni hivyo hivyo: ilipata joto, ikajipanga vibaya. Kula, usitupe.

Si kila kitu kinasafiri. Vipande vyeusi vinakaa mwaka na zaidi. Zilizojazwa praline ya kusagwa, yaani lozi au hezelinati zilizokaangwa na sukari, zinavumilia wiki kadhaa. Ganashi ni wiki mbili, tatu. Za krimu mbichi ni siku chache tu, hizo ni za kula Brussels.

Euro 150 ni hela nzuri kama hutaigawa kwa maduka. Mimi ningetumia kama sitini Koekelberg kwa vipande vyeusi, hasa kwa sababu ndivyo vitakavyofika salama. Kipande kimoja cha gramu 100 chenye kakao asilimia 70 kinakula kama matunda mawili au matatu ya kakao, ukihesabu maganda yanayopepetwa. Ukikishika mkononi utajua unacholipia. Ishirini kwa ajili yako njiani, pamoja na kisamvu. Thelathini kwa Gerbaud. Arobaini zilizobaki usiziguse mpaka ufike Mary.

Maana pale ndipo penye mama mkwe. Usimpelekee nyeusi, hata ukiambiwa ni bora namna gani. Atasema ahsante na kuwapa watoto. Omba chokoleti ya maziwa iliyojazwa gianduja, yaani hezelinati zilizosagwa laini pamoja na chokoleti. Haina krimu, kwa kawaida haina pombe, lakini uliza hivyo hivyo. Ni tamu bila kukera, inanukia kama kashata zinapopoa, na Tanga itafika nzima. Boksi la maua la gramu 250 linatosha, asije akadhani umemwibia mwanawe mshahara.

Wakati wanalifunga, utaona kwenye kaunta pralini kubwa nyeupe, nene, yenye krimu ya siagi na kahawa ndani na njugu juu. Inaitwa "manon". Ikiwa ya krimu mbichi haifiki hata Doha. Waulize kama haina pombe, ununue moja, na uile pale pale chini ya paa la kioo kabla hujatoka nje.